Nakili Kama Ilivyo

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Mama Kaimu amesimama mbele ya kamati ya usaili, barua mkononi. Kama gazeti lako la wiki jana lilishafungiwa sabuni dukani, usijali, habari yenyewe ni fupi. Idara ya elimu ya wilaya inatafuta mkuu mpya. Mama Kaimu amekuwa naibu kwa miaka sita, na kwa miezi mitatu sasa, tangu Mkuu aende likizo ya kustaafu, ndiye anayekaimu kiti. Kazi anaifanya yeye. Aliingia usailini saa nne asubuhi akajibu kila swali, wajumbe wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo Mkuu, ambaye aliitwa kuwa katibu wa kamati kwa kuwa anaijua wilaya, akachomoa barua chini ya makaratasi yake.

Barua iliomba Mama Kaimu asipewe cheo. Na mwandiko ulikuwa wa mume wake.

Sasa twende.

"Unaujua mwandiko huo?" Mkuu aliuliza, sauti laini kama anampa pole mfiwa.

Angekosaje kuujua? Wilaya nzima iliujua. Mumewe alikuwa mwalimu wa darasa la nne, na watu walimwita Mwalimu Mwandiko kwa jinsi herufi zake zilivyonyooka. Vyeti vyote vya wanafunzi bora aliviandika yeye. Asubuhi ile ile alikuwa amepiga magoti sebuleni akimpigia mkewe viatu rangi. "Nenda kawaoneshe, mama watoto," alimwambia.

"Ni wa mume wangu," Mama Kaimu alisema.

"Basi tusomee, kamati isikie."

Mama Kaimu alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aliyetumwa kutoka makao makuu, gauni la kijivu, miwani ya mnyororo, asiyecheka ovyo. Mama Kaimu alidhani mwanamke mwenzake angesema barua za chumbani zibaki chumbani.

"Soma," Mwenyekiti alisema. "Kilichoandikwa kisomwe."

Akasoma.

"'Mimi, nikiwa mume na kichwa cha nyumba, naomba mke wangu asipewe cheo hicho. Tangu aonje madaraka, nyumba imepoa. Chakula napakua mwenyewe. Watoto wetu wanne wamekuwa yatima na mama yao yu hai. Mwanamke aliyeshindwa na jiko moja ataziweza wapi shule za wilaya nzima?'"

Akairudia mistari kwa macho.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi nina watoto wawili."

"Labda hao wengine umewasahau kwa ajili ya vikao," Mkuu alisema.

Wajumbe wawili walicheka. Mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa tai. Msomaji, nimeshaandika habari za wezi na za wazinzi katika ukurasa huu, na mkono haukunitetemeka. Lakini kicheko cha watu wazima wenye digrii, mbele ya mtu aliyewatumikia, kinanitia kichefuchefu.

Mwenyekiti hakucheka. Aliposikia idadi ya watoto aliinua kichwa, kisha akakiinamisha tena.

"Urudi hapa saa nane kamili na jibu lako," alisema. "Usipokuwa na jibu, kuna msailiwa mwingine."

Msailiwa mwingine alikuwa kwenye benchi nje ya ukumbi, tai mpya shingoni. Alikuwa Ofisa Michezo, mpwa wa Mkuu, yule yule ambaye mwaka jana alifikisha timu ya wilaya uwanjani siku moja baada ya mashindano kwisha.

"Pole, dada," alisema.

Mama Kaimu akasimama. "Pole ya nini? Nani kakwambia kuna la kupewa pole?"

Ofisa Michezo alimeza mate. "Ya… joto la humo ndani."

Humo ndani mlikuwa na feni mbili. Mama Kaimu hakumjibu. Alitoka na barua yake mkononi akashika njia ya shuleni kwa mumewe, mwendo wa robo saa, akautembea kwa dakika nane.

Darasa la nne halikuwa na mwalimu. Watoto walikuwa kimya wakinakili aya iliyojaa ubao mzima, na juu ya ubao, kwa zile herufi zilizonyooka, kulikuwa na agizo: NAKILI KAMA ILIVYO.

Alimkuta mumewe katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameshahamishwa wiki iliyopita. Mwalimu Mwandiko alikuwa amepanda kiti, utepe wa fundi cherehani mkononi, anapima dirisha.

"Unafanya nini hapo juu?"

"Aa! Mama watoto! Napima mapazia." Uso ulimjaa tabasamu. "Usaili umekwendaje?"

"Watoto wangapi?"

Utepe ukamponyoka.

"Shuka," Mama Kaimu alisema.

"Nisikilize kwanza…"

"Shuka kwenye kiti cha watu!"

Alishuka. Aliona karatasi mkononi mwa mkewe na tabasamu likamwisha. Hakukana. Labda angekana, mkewe angepata pa kushika. Alivuta kiti akakaa, tena nyuma ya meza ya mwalimu mkuu, kama vile mkewe ni mzazi aliyekuja kulalamika.

"Mkuu aliniita," alisema. "Akaniambia hata nisipoandika, wewe hupati. Wameshaamua, mke wangu. Nikafikiria. Kuliko wote tukose, si bora mmoja wetu apate? Barua yangu ya ualimu mkuu imeshachapwa. Imebaki saini."

"Saini ya nani?"

"Ya mkuu mpya wa idara."

"Ofisa Michezo."

Mwalimu Mwandiko alitazama dirisha.

"Miaka kumi na saba," Mama Kaimu alisema. "Lini ulipakua chakula mwenyewe? Sufuria unajua inakaa wapi?"

"Maneno si yangu! Haki ya Mungu si yangu! Alinipa karatasi, akasema nakili kama ilivyo. Mimi nikanakili."

"Na watoto wanne?"

"Niliona. Nikajiuliza, hawa wanne ni wa nani? Lakini alisema kama ilivyo."

Mumewe akaona hajagombwa, akajisogeza, na hapo akasema neno ambalo mimi nisingemsamehe hata akija na ng'ombe mia.

"Lakini mwandiko si umeuona? Hakuna hata herufi moja niliyofuta."

Alikuwa anajisifu. Naapa, alikuwa anajisifu! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakutuambia kuwa kitakula halafu kikuoneshe meno yake yalivyo mazuri.

Mama Kaimu aliinama akavua viatu, vile vyeusi vinavyong'aa, akaviweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, kimoja baada ya kingine.

"Baki navyo," alisema.

"Utatembeaje bila viatu, mke wangu? Watu watasemaje?"

"Watasema mimi nina watoto wanne."

Alipoikunja barua ili atoke ndipo akaona kitu pembeni juu, kwenye kona ya kulia. Mumewe alikuwa amekinakili vizuri kuliko vyote. Neno Kumb. Na., kisha herufi tatu, alama ya mkwaju, na tarakimu.

"Na hii je?"

"Ilikuwepo kwenye karatasi," Mwalimu Mwandiko alisema. "Nikanakili."

Hapo, msomaji, ngoja nikueleze, maana ndipo Mkuu alipojikaanga kwa mafuta yake. Ofisi za serikali kila barua ina namba ya faili inamotoka. Mkuu alizoea hivyo tangu ukarani wake, hata ikawa hawezi kumwandikia daktari wa meno bila kumbukumbu namba juu. Mume wa mtu anapolalamika kuhusu mkewe hana faili. Barua hii ilikuwa nalo. Na faili lolote lenye namba lina kabati lake.

Mama Kaimu alirudi ofisini peku. Wafanyakazi walichungulia madirishani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha ambako makaratasi yote ya wilaya hulala.

Mwenye chumba hicho anaitwa Bibi Masjala. Ana miaka thelathini humo ndani, kalamu nyekundu sikioni. Kila karatasi inayoingia kwenye faili huipiga namba kwa wino mwekundu, ya kwanza moja, ya pili mbili, na haijapata kumpotea hata moja. Alimtazama Mama Kaimu usoni, kisha miguuni. Akavua kandambili zake akazisukuma kwa kidole.

"Vaa, mwanangu. Sakafu baridi."

Mama Kaimu alivaa, akamwonesha ile kona ya barua. "Bibi, faili hili ni lipi?"

"La siri. Hutolewa kwa Mkuu peke yake."

"Mkuu si yuko likizo?"

"Najua."

"Sasa Mkuu akiwa likizo hutolewa kwa nani?"

Bibi Masjala alitoa ufunguo kifuani. "Kwa Kaimu," alisema. "Miezi mitatu nakungoja uniulize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Masjala haisemi. Masjala huulizwa."

Aliliweka faili mezani. Jalada lilisema: MAMBO YA KIFAMILIA YA WATUMISHI. Ndani mlikuwa na karatasi nane zilizofungwa kwa uzi, namba nyekundu pembeni mwa kila moja. Mama Kaimu alianzia juu, ile ya nane.

Mume wa mwalimu mkuu msaidizi, mwanamke aliyeomba ualimu mkuu. Nyumba imepoa. Chakula napakua mwenyewe. Watoto wetu wanne.

Ya saba, mume wa mkaguzi. Watoto wetu wanne.

Ya sita. Watoto wetu wanne.

Ya tano ilimfanya ashike rafu. Mwanamke huyo alimjua. Alikuwa amezunguka hospitali miaka kumi akitafuta mtoto mmoja tu, hakumpata, na watu wote walijua alivyolia. Mumewe aliketi chini, akashika kalamu, akanakili: watoto wetu wanne wamekuwa yatima na mama yao yu hai.

"Aliacha kazi mwezi ule ule," Bibi Masjala alisema. "Walimsomea mbele za watu, kama wewe."

"Na wewe ukaipiga namba."

"Nikaipiga namba."

"Ukaifungia kabatini."

Mama Kaimu alimtazama mama yule aliyemvisha kandambili zake, akasikia kinyaa kile kile alichokisikia kwa mumewe, ila hiki kilikuwa na huruma ndani yake, na kwa hiyo kilimuuma zaidi. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika tano.

"Naondoka nalo."

"Saini daftari. Andika umechukua karatasi nane." Akasaini. Bibi Masjala aliushika mkono wake kidogo. "Hiyo ya kwanza, mwanangu, usiisome kwa sauti."

"Kwa nini?"

"Nenda. Utachelewa."

Alipoingia ukumbini kandambili zilipiga sakafu pwa, pwa, pwa. Mkuu akawageukia wajumbe.

"Mwaona? Hata viatu vimemshinda."

Safari hii alicheka mjumbe mmoja tu, tena alikatisha, kwa sababu Mama Kaimu alikuwa ameshaliweka faili katikati ya meza. Rangi ya Mkuu ilibadilika papo hapo.

"Hilo ni faili la siri! Nani kakupa?"

"Kaimu kasaini," Mama Kaimu alisema. "Jibu langu, waheshimiwa, limo humo. Mume wangu hakuandika barua, alinakili. Na si yeye tu. Wanawake wanane wa wilaya hii waliomba vyeo kabla yangu, na waume wanane wakalalamika kwa maneno yale yale, kwa kumbukumbu namba ile ile ya ofisi ya huyu bwana. Hata asiye na mtoto wamempa wanne."

Wajumbe walianza kufunua. Yule wa tai alisoma mbili, akaacha. Masikio yalimwiva.

"Mkuu, uliandika haya?"

"Mimi? Tazameni miandiko. Kila mmoja kaandika habari za mkewe mwenyewe kwa mkono wake. Kuna niliyemshikia bunduki?"

Na ni kweli, hakuna aliyeshikiwa bunduki. Hilo ndilo linalonitapisha. Mmoja aliahidiwa uhamisho, mwingine darasa dogo, mwingine nadhani aliahidiwa kushikwa mkono na Mkuu tu na akaona inatosha.

"Kumbukumbu namba ipo juu ya kila moja," Mama Kaimu alisema.

"Si kila moja." Mkuu alikuwa ameanza kutabasamu tena, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko la asubuhi. "Ile ya kwanza haina. Tazama vizuri, Mwenyekiti. Ya kwanza haikunakiliwa popote. Wakati huo nilikuwa karani tu wa utumishi. Aliyeiandika alinijia mwenyewe, hakuitwa na mtu, akanikabidhi mkononi. Nilivyoona imeandikwa vizuri nikaiweka. Maneno mazuri hayatupwi."

Mwenyekiti alifunua mpaka chini kabisa ya faili. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano. Alivaa miwani akasoma, midomo haikutikisika. Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Mimi nina watoto wanne," alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Mwaka ule niliomba cheo katika wilaya hii. Wakaniambia maswali yalinishinda. Nikaenda kusoma tena miaka minne ili maswali yasinishinde." Alikuwa anazungumza na karatasi. "Mwenye mwandiko huu ndiye aliyenipigia pasi gauni hili asubuhi."

"Na kesho atakupigia lingine," Mkuu alisema polepole, "kama faili litarudi kabatini. Kwa nini wazee tuvunjiane nyumba?"

Mama Kaimu alingoja. Moyo ulimdunda kwa matumaini, nasema kweli, maana alijua sasa hawezi kushindwa. Mwanamke aliyefanyiwa vile vile, mwenye kalamu ya kusaini, ameketi mbele yake. Nani angemwelewa kama huyu?

Mwenyekiti alifungua uzi wa faili. Akaitoa karatasi namba moja, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Faili halirudi kabatini," alimwambia Mkuu. "Wewe na mpwa wako mmekwisha. Zilizobaki zinatosha." Kisha akamgeukia Mama Kaimu, na akavuta fomu ya uteuzi karibu. "Kiti ni chako, mama. Nakisaini leo hii. Ila kumbukumbu za kikao ziwe sawa. Lazima tuandike jibu lako na vielelezo vyake. Faili ulilotuletea lina karatasi ngapi?"

Wajumbe waliinamia madaftari yao. Yule wa tai alikuwa anakagua kucha. Mkuu peke yake aliinua macho, akamkazia Mama Kaimu, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni kwake.

Kule masjala, daftarini, kwa wino na kwa saini yake mwenyewe, Mama Kaimu alikuwa ameandika nane. Mezani sasa zilikuwa saba.

Alitazama chini, akaziona kandambili za mtu miguuni mwake. Na sikioni akasikia neno, akadhani ni mumewe kule juu ya kiti anapima mapazia: kuliko wote tukose, si bora mmoja wetu apate? Ila safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama Kaimu," Mwenyekiti alisema, na sasa alikuwa anaomba, "karatasi ngapi?"